"Unacheza posti au unasubiri posho?" Mtu ananiambia hivyo mbele ya kadamnasi nzima!!!

Mgongo_Mpana (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka, na si baridi.

Jana jioni, uwanja wetu wa kikapu, ule wa saruji, huku Katwe. Mtu ninayemsema mnamjua. Jina sitaji na sina haja, ukisema tu "yule wa soksi za magotini" nusu ya Kampala inageuza shingo. Yule ambaye mpira ukimfika mkononi, mpaka ukoo ukae kikao ndiyo autoe.

Tuko 19 kwa 19. Anayefika 21 anabaki, anayefungwa anakaa nje mpaka giza. Mimi niko chini karibu na ringi, upande wa kushoto, mahali pangu pa siku zote, ndiyo posti yenyewe. Yule pandikizi wao nimemfungia mgongoni. Miguu nimeitanua, makalio nimeyashusha, mkono wa kulia juu, vidole vyote vitano wazi kama mtu anayesimamisha boda kwenye mvua. Jamaa ananisukuma kwa paja, kwa kiwiko, kwa tumbo, nadhani mwishoni alinisukuma hata kwa dua. Sikusogea. Ningekuwa nimepanda muhogo pale ningeuvuna.

Na yeye? Yuko kule juu anadunda. Anadunda kushoto, anadunda kulia, anapitisha katikati ya miguu, na hakuna hata anayemkaba! Aliyetakiwa kumkaba ameshika kiuno anatazama sarakasi. Nikaita "mpira!" Nikaita tena. Ng'ombe wa Ankole huko Mbarara waligeuka. Yeye hakugeuka.

Akarusha kutoka kule pikipiki zinapoegeshwa. Mpira haukugusa ringi, haukugusa ubao, haukugusa wavu, ingawa kusema haki wavu hatuna tangu mwaka jana. Ulikwenda mfereji moja kwa moja. Wapinzani wakauokota, wakaanzisha, wakafunga la mbali. 21. Tumetoka.

Sasa hapo, wakuu, ndipo alipogeuka. Kunigeukia MIMI. Akashika kiuno, akavuta pumzi ili wasikie hadi wa barabarani, akasema: "Kaka, wewe unacheza posti au unasubiri posho?"

Posti au posho!

Muuza roleksi, zile chapati za mayai, aliacha yai likaungua. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani aliutua kwanza ndipo acheke vizuri. Refa wetu, ambaye si refa, ni mtu mwenye filimbi tu, alicheka ndani ya filimbi, ikalia, watu wakadhani ni faulo.

Niambieni. Mtu wa posti anajiletea mpira mwenyewe? Posti ni kazi ya wawili: mmoja anafungia, mwingine analeta pasi kutoka pembeni, ya kudunda, upande ambao mlinzi hayupo. Hata Hakeem Olajuwon, yule gwiji wa kikapu kule Marekani, na miguu yake yote ile kuna mtu alikuwa anampa, hakuwa anauchimba ardhini. Na nilikuwa na nafasi! Nilikuwa wazi kama duka!

Lakini posho. POSHO. Angesema "umechelewa" ningevumilia. Angesema "huna nguvu" ningevumilia.

Leo asubuhi boda wa kona, mtu asiyejua kikapu wala netiboli, ananiambia, "Mzee wa Posho, twende?" Sikupanda. Nimetembea mpaka mjini na viatu hivi vinabana.

Nataka mtu mmoja tu aniambie nilikosea wapi. Na msianze.

---

Kaloli_wa_Jalala

Na maharage ulipata?

---

Mwiba_wa_Ngege

Nilikuwepo. Sikutaka kusema kitu ila umesema makalio uliyashusha. Uliyashusha lini, baba? Ulikuwa umesimama wima kama ndege kaloli juu ya takataka, shingo mbele, unasubiri. Sasa mtu akikuuliza unasubiri nini, kosa lake liko wapi?

---

Mgongo_Mpana

Mwiba wewe ulikuwa nje unafunga kamba za viatu dakika arobaini. Tulidhani unasuka mkeka.

---

Bukavu_Futi6

Mimi namuunga mkono kaka Mgongo, yule wa soksi hana adabu. Mwezi uliopita niliteleza, akaniambia nimeanguka kama mizigo ya Goma.

Lakini ngojeni na mimi niseme langu. Tangu nifike Kampala hakuna hata mmoja aliyeniuliza naweza kucheza nini. "Mkongo, mrefu, nenda chini." Basi! Wanadhani kila anayevuka mpaka ni Dikembe Mutombo. Mutombo alizuia mitupo 3,289 katika misimu 18 kule NBA, ligi ya Marekani. Mimi nilichowahi kuzuia ni mlango wa teksi usifunguke barabarani. Mimi napiga za mbali! Mkono wangu unatoka vizuri! Lakini wapi, chini, chini, viwiko vya mbavu kila siku.

---

Kaloli_wa_Jalala

Mkono wako unatoka vizuri kwenye sahani ya sombe.

---

Mzee_wa_Ubao

Vijana, nimecheza chini miaka mingi kabla magoti hayajastaafu bila kunishauri. Mgongo Mpana, mwanangu, umeomba kuambiwa. Nilikaa kwenye tofali zile za pembeni jana, nikaona mchezo wote, siyo mpira ule wa mwisho tu.

Unauliza kwa nini hakukupa. Mbona hukuandika kwamba mara tatu za mwanzo alikupa?

Ya kwanza, uliudaka vizuri kabisa, kisha ukaushusha mpaka kitovuni kana kwamba unautafutia joto. Mtoto wa shule akapita akauchukua kama mtu anayeokota kalamu. Mpira wa posti ukiupata unaubana kwa mikono miwili chini ya kidevu, viwiko nje, wafupi wote wanabaki kuutazama kwa mbali.

Ya pili, ulianza kudunda. Dundo la kwanza, la pili, la tatu, unarudi nyuma kama lori linaloingia gereji, mpaka wakakujia wawili. Wakija wawili kuna mwenzako amebaki peke yake, ni hesabu tu hiyo. Ungeutoa nje, akarusha, au akakurudishia ukiwa umeshajipanga upya karibu zaidi. Wewe ukarusha katikati yao ukiwa umefumba macho.

Kabla hujageuka tazama begani. Mlinzi amekaa upande wa juu? Piga hatua nyuma kwa mguu ule ulio karibu na mstari wa mwisho, mzibe kwa kiuno, dundo moja la nguvu, uko peke yako na ringi. Amekaa upande wa chini? Geukia katikati, huki fupi, ule mtupo wa mkono mmoja juu ya kichwa. Hayo mawili tu yamewalisha watu na watoto wao. Olajuwon unayemtaja alianza kwa mpira wa mikono na kudaka golini kule Lagos, miguu ile aliitoa huko, na ubingwa wa 1994 na 1995 na Houston hakuupata kwa kusukumana. Alikuwa anakuonyesha bega, ukilifuata, yeye keshaondoka.

Nendeni uwanja wa Lugogo siku ya ligi, kaeni nyuma ya kikapu. Msitazame mpira. Tazameni miguu ya mtu wa chini kabla mpira haujamfikia. Kazi yote inaishia pale.

Ya tatu siisemi, kuna watoto humu.

---

Mgongo_Mpana

Shikamoo mzee. Nimekusikia, na ya tatu nilivutwa jezi. Lakini mzee, kwa roho safi kabisa. Posho?

---

Mzee_wa_Ubao

Marahaba. Hiyo ya posho nilicheka, sikufichi. Kifua kiliniuma usiku.

---

Filimbi_Tu

Naona nimetajwa hapo juu kwamba mimi si refa. Asante sana. Basi leo nitasema.

Mgongo Mpana, pale unapojisifu ungevuna muhogo, ulikaa ndani ya eneo la mbele ya kikapu sekunde kumi na moja. Sheria ni tatu. Nilizihesabu zote, nikameza filimbi kwa huruma. Ningepuliza, ile "nafasi" yako isingekuwepo kabisa, na mwenye soksi asingepata hata muda wa kutunga hilo neno. Marekani mwaka 1951 walipanua lile eneo kutoka futi 6 hadi 12 kwa ajili ya George Mikan, maana alikuwa anakaa chini ya kikapu anafunga tu. Wewe unakaa tu.

---

Kaloli_wa_Jalala

😭😭😭 "wewe unakaa tu"

---

Mgongo_Mpana

Ndani ya eneo LIPI? Ule mchoro wa chini unaujua mwenyewe? Mguu wangu ulikuwa nje ya mstari!

---

Filimbi_Tu

Mstari upi?

---

Mgongo_Mpana

Ndiyo nakuuliza mimi!

---

Mwiba_wa_Ngege

Hapa Mgongo ana hoja, ya kwanza tangu azaliwe. Mistari yetu ni ile ya zamani, iliyotanuka kama sketi, mita 6 chini na 3.6 kule kwenye mitupo huru. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, waliifuta 2010, sasa ni mstatili wa mita 4.9. Halafu kuna mistari ya netiboli juu yake, na ya ile sherehe ya harusi walipopaka mishale ya kuelekeza choo. Mtu akisimama pale yuko ndani, yuko nje, na yuko njiani kwenda msalani.

---

Bukavu_Futi6

Lakini si tulichanga pesa ya rangi? Elfu mbili kila kichwa, tangu kabla ya mvua. Mimi nilitoa na ya ndugu yangu.

---

Mwiba_wa_Ngege

Rangi NA wavu.

---

Kaloli_wa_Jalala

Ile pesa imepata pasi ya kudunda, upande ambao mlinzi hayupo.

---

Dada_Ribaundi

Nyinyi wanaume mnanishangaza. Mtu mzima ameitwa posho kafungua uzi, maneno mengi kuliko barua ya posa. Sisi wanawake tumepangiwa Jumamosi saa saba mchana. Saa saba! Jua la utosi, saruji inaunguza mpaka kiatu kinanuka. Tukianza tu kupasha moto mnakuja mmoja mmoja na mipira yenu, "dada tunarusha tu upande huu." Saa nane upande wetu ni kona.

Na posti nacheza mimi. Nafungia, napewa, nafunga. Anayenipa ni dada mwenye akili, hana soksi ndefu.

Huyo mtu mimi aliniambia naruka kama ninavuka dimbwi. Nilimfunga moja juu ya kichwa chake siku hiyo hiyo, sikufungua uzi.

---

Mgongo_Mpana

Dada, kuvuka dimbwi ni sentensi ya kawaida. Posho ni shambulio.

---

Muhogo_wa_Temeke

Samahani jamani, napita tu kutoka Dar. Posho huku kwetu ni pesa ya kikao. Kama Uganda kuna posti unayosubiri posho, nitumieni ramani, nina urefu wa kutosha.

---

Kaloli_wa_Jalala

Huku posho ni ugali, mkuu. Wa shule, na maharage yenye wadudu. Ndiyo maana limeuma.

---

Nyanza_Pekee

Kwetu Kisumu ugali ni ugali. Posho ni ile mashine ya kusagia. Kwa hiyo jamaa anasubiri mashine? Sijaelewa tusi.

---

Muhogo_wa_Temeke

Ugali wa mahindi yaliyokobolewa au dona?

---

Kaloli_wa_Jalala

Mweupe. Mgumu. Ukiurusha ukutani unarudi.

---

Nyanza_Pekee

Huo bado haujaiva. Waganda hamjui kusonga, mnachemsha uji halafu mnaukatia tamaa.

---

Mwiba_wa_Ngege

Usituguse. Silverbacks, timu yetu ya taifa ya kikapu, walikula posho hiyo hiyo wakafika robo fainali ya AfroBasket Kigali 2021.

---

Mgongo_Mpana

Jamani, uzi wangu.

---

Bukavu_Futi6

Mimi bado niko kwenye elfu mbili. Elfu nne.

---

Filimbi_Tu

Aliyeshika michango anajulikana na yuko humu anasoma. Ameonekana saa tatu zilizopita.

---

Mwiba_wa_Ngege

Tuyaache hayo kwa sasa. Kesho saa kumi na moja jioni tunacheza? Mpira umelegea, jana ulikuwa unadunda kama godoro. Nani ana pampu?

---

Kaloli_wa_Jalala

Pampu anayo soksi ndefu.

---

Mwiba_wa_Ngege

Aah. Muulizeni.

---

Filimbi_Tu

Nimempigia. Anakuja nayo, ila anasema yeye lazima achezeshe timu.

---

Bukavu_Futi6

Sawa tu.

---

Mgongo_Mpana

SAWA TU?

---

Mzee_wa_Ubao

Mgongo, wewe njoo saa kumi, nikupitishe kwenye ule mguu wa chini. Uje na maji, na kiatu kisichobana.

---

Dada_Ribaundi

Saa kumi hakuna kuja. Kesho ni Jumamosi, saa saba mpaka saa kumi na moja kasorobo uwanja ni wetu, pande zote mbili, na pampu ipite kwetu kwanza.

---

Filimbi_Tu

Haya dada. Namwambia aje nayo saa sita na nusu.