Mzee amefariki kesi ya kihamba ikiwa katikati, ukoo unataka tusubiri Desemba

Binti_Kibosho (7 Oktoba)

Wakuu, heshima kwenu. Wenye uelewa wa sheria naomba msinipite.

Baba yetu alifariki tarehe 27 Agosti, jana tumefanya arobaini. Ameacha kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Moshi, yeye ndiye mdai. Jirani aling'oa masale ya mpakani, akaingia ndani ya kihamba chetu kama hatua tisa na kupanda migomba yake. Kwa msiotoka Uchagani: kihamba ni shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na sale ni mmea wa kuonyesha mpaka; likiota mpakani ni shahidi, halichezewi. Baba alishatoa ushahidi. Wamebaki mashahidi wawili, wazee sana, na mmoja haoni vizuri.

Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka barazani. Mwaka jana alisaini karatasi mbele ya wakili kunipa mamlaka ya kumwakilisha, nikajua nitaendelea nayo. Kesi inatajwa tarehe 14. Sasa baba mdogo anasema msimamizi wa mirathi atachaguliwa Desemba watu wote wakipanda nyumbani kwa Krismasi, kwamba si vizuri kugombania makaratasi kaburi likiwa bichi. Namheshimu, naye ana uchungu wa kaka yake. Ila kuna mtu kaniambia kesi inaweza kufa. Ni kweli?

Bahasha ya kaki ya mzee iko hapa mezani. Samansi zote kazipanga kwa tarehe, kila moja kaandika nyuma kwa peni ya bluu kilichosemwa siku hiyo. Nashindwa kuisoma yote.

Mlima_Wetu

Pole sana dada, Mungu ampumzishe mzee. Karatasi si unayo? Nenda nayo tarehe 14, jina lake likiitwa simama, endelea. Watoto wa marehemu hawazuiwi.

Karani_Mstaafu

Mlima_Wetu, hapo utampoteza mwenzio. Ile karatasi ilikufa siku aliyokufa mzee. Mamlaka ya kumwakilisha mtu hudumu akiwa hai, na wakili naye hivyo hivyo, hawezi kusimama kwa niaba ya marehemu.

Binti, pole mwanangu. Nimekaa masjala miaka mingi, nisikilize vizuri. Kesi ya ardhi haifi kwa sababu mdai amekufa, maana haki yenyewe inabaki kwenye mali. Lakini lazima apatikane mtu wa kuingia mahali pake, naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Si mjane kwa ujane wake, wala si mtoto mkubwa kwa ukubwa wake. Hayo yako kwenye Amri ya 22 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33.

Muda wa kuomba kuingizwa ni siku 90, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Zinahesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu arobaini. Kwenu zinaisha 25 Novemba. Desemba ya baba mdogo mtakuwa mmeshachelewa, na shauri la mzee litakuwa limekoma. Likikoma hamruhusiwi kufungua jipya kwa madai yaleyale. Mnabaki na njia ya kuomba kukoma huko kuondolewe, na hapo mtaeleza sababu ya msingi ya kuchelewa. Kusubiri Krismasi sidhani kama ni sababu ya kusimama nayo mbele ya mwenyekiti.

Tarehe 14 nenda na cheti cha kifo, waeleze barazani kwamba mdai amefariki na familia inafungua mirathi, muombe ahirisho. Mirathi ya kimila hufunguliwa mahakama ya mwanzo ya eneo alikoishi marehemu. Peleka muhtasari wa kikao cha familia na cheti. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hilo tangazo linakula siku, ndiyo maana nasema kikao kiwe wiki hii. Mkishapewa Fomu Na. IV, yaani hati ya kuteuliwa msimamizi, peleka nakala barazani na maombi ya kuingia badala ya marehemu. Ushahidi alioutoa mzee unabaki kwenye jalada, haurudiwi.

Mama_Sakina

Karani kasema kweli. Mimi nipo Arusha, baba mkwe alikuwa na kesi ya kiwanja. Alipofariki tulimwachia wakili tukijua yeye anaendelea. Hakutuambia kitu. Tulipokuja kuuliza, miezi saba imepita. Tumehangaika miaka miwili kuomba irudishwe, na wakati wote huo nyumba ya mtu inapanda ukuta juu ya kiwanja chetu, napita pale kila nikienda sokoni. Usisubiri, mdogo wangu.

Kijana_wa_Majengo

Nauliza jirani na mada: aliyeshtakiwa ndiye angekufa?

Karani_Mstaafu

Muda ni uleule, ila kazi inahamia kwa mdai, yeye ndiye aombe msimamizi wa marehemu aingizwe. Hukumu dhidi ya mtu ambaye tayari ni marehemu na hajabadilishwa haina nguvu. Kesi ya kashfa, hiyo huzikwa na mtu wake.

Mlima_Wetu

Nimekosea, nisamehe dada. Je, mwanamke anaruhusiwa kuwa msimamizi? Huku kwetu wazee watasema kihamba ni cha wanaume.

Karani_Mstaafu

Anaruhusiwa. Tena msimamizi si mrithi, anakusanya mali ya marehemu na kuigawa kwa wenye haki, na kwa mahakama ya mwanzo anatakiwa kurudisha orodha ya mali ndani ya miezi minne. Mwelezeni baba mdogo hivyo, huenda hofu yake iko hapo.

Binti_Kibosho

Asanteni sana, Karani Mungu akuzidishie. Nimeenda kwa baba mdogo jioni hii na bahasha. Sikubishana naye, nimempa samansi ya mwisho asome alichoandika kaka yake nyuma: "Mashahidi wangu wasichelewe." Amenyamaza muda mrefu, akaomba simu yangu akampigia shangazi wa Dar. Kikao ni Jumamosi saa nne, wa mbali watashiriki kwa simu. Cheti cha kifo nitakifuatilia kesho asubuhi.