Msimtengee Sahani

Kikundi: Nyumba ya Mkunazini

Ijumaa usiku

Mama: Asalaam aleikum wanangu. Yule mwanafunzi wa Kimarekani kafika salama tangu juzi, alhamdulillah. Nimempa chumba cha juu kinachotazama uani, kina upepo. Ila hali chakula. Vijiko viwili vitatu, anashukuru, anapanda zake juu. Nimeshaanza kuingiwa na wasiwasi.

Kaka (Dar): Waaleikum salaam. Shikamoo Mama. Safari imemchosha huyo. Mnunulie boflo na mayai, na mpeni uma.

Mama: Marahaba. Uma anao. Nimemwekea meza ndogo sebuleni na ile sahani ya maua. Baba yenu kaleta katoni zima la maji ya chupa.

Dada Mkubwa (Muscat): Shikamoo Mama. Na nyinyi munakula wapi?

Mama: Marahaba mwanangu. Sisi ukumbini, mkekani, sinia moja kama siku zote.

Dada Mkubwa (Muscat): Basi ndiyo hayo. Kakaa mezani peke yake, anawasikia munacheka upande wa pili. Atakula vipi? Mie mwaka wangu wa kwanza huku nilikaa na familia moja Nizwa. Watu wa heshima, chakula wakiniletea mpaka chumbani. Nikilia kila usiku wallahi, na Mama sikukwambia. Mpaka siku yule mama wa nyumba aliponiita jikoni nikachambue naye mchele. Siku ile ndipo nilipolala.

Mama: Masikini mwanangu 😢 Mbona ulinificha?

Mdogo wetu: Mimi lakini napiga naye stori, jana tulikaa mpaka saa tano

Dada Mkubwa (Muscat): Kwa lugha gani?

Mdogo wetu: Kiingereza 🙈 si nafanya mazoezi, mwakani nina mtihani wa kidato cha nne

Dada Mkubwa (Muscat): Mdogo wangu, huyo kaacha kwao muhula mzima kwa ajili ya Kiswahili. Asubuhi chuoni Vuga wanamfundisha ngeli, akirudi nyumbani anakutana na kile kile Kiingereza alichokiacha. Atakisikia wapi?

Kaka (Dar): Hapo nakuunga mkono. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Watu wanakifuata kutoka Japani, kutoka Ujerumani, na sisi tumekizaliwa ndani. Mpe haki yake.

Mdogo wetu: Sawa. Ila akikwama je?

Dada Mkubwa (Muscat): Akikwama mngoje. Mwonyeshe kwa mkono. Usimkimbilie.

Mamdogo (Wete): Hamjambo nyote. Dada, mgeni ushampeleka kwa sheha, mkuu wa mtaa?

Mama: Bado, mdogo wangu.

Mamdogo (Wete): Mpeleke kesho asubuhi, sheha amjue. Karatasi za Uhamiaji chuo kitamshughulikia, ila kwa sheha ni juu ya mwenye nyumba. Na mukitoka hapo mpitishe kwa majirani mlango kwa mlango, umtaje kuwa ni mtoto wako. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinampoteza hata mtu wa Ng'ambo, sembuse yeye. Akijulikana, popote atakapopotea atarudishwa.

Kaka (Dar): Mamdogo shikamoo. Na mavazi?

Mama: Mavazi sina la kumwambia, kaja na sketi ndefu na mitandio yake.

Mamdogo (Wete): Marahaba baba. Nitamletea doti ya khanga nikija, za kuvaa ndani.

Mdogo wetu: Bibi kasikiliza yote, kaniambia niandike: "Tangu enzi za Takiluki, chuo cha Kiswahili na lugha za kigeni, nimewapokea hawa, Wazungu na Wajapani. Aliyetengewa meza aliondoka na 'habari' na 'asante' tu. Aliyekaa kitako na mie juu ya mbuzi akakuna nazi, alikuwa akienda Darajani anagombana na wauza samaki mpaka wanampunguzia bei. Meza itoke."

Mama: Hewala, Bi Mkubwa. Meza itatoka.

Jumapili mchana

Mama: Asalaam aleikum. Kala! Wali wa nazi, mchuzi wa changu na mchicha. Nimemkalisha kati yangu na Bibi. Alitaka kutia mkono wa kushoto, mdogo wenu akamshika taratibu akambadilishia. Wali ulikuwa ukimmwagika, Bibi akamwonyesha kuufinya tonge. Na kila mnofu wa samaki Bibi akimsogezea upande wake.

Dada Mkubwa (Muscat): Alhamdulillah 😭😭

Mdogo wetu: Na kabla ya hapo alikuna nazi nzima! Alijikwaruza kidole kidogo tu. Nimesema naye Kiswahili tangu asubuhi. Kaniuliza mbuzi yuko wapi, nikamkalisha juu yake 😂

Kaka (Dar): Kwa sheha mulikwenda?

Mama: Tumeshakwenda jana. Kaamkia "shikamoo" mtaa mzima, hata watoto.

Mamdogo (Wete): Atazoea. Na Ramadhani hiyo inakuja, mumeshazungumza naye?

Mama: Kaniuliza mwenyewe, anataka kufunga. Nimemwambia si lazima juu yake, asifunge kwa kutuonea haya. Mchana mahoteli mengi yatafungwa na nje hawezi kula, kwa hiyo chakula chake nitakiacha jikoni na atakula kwa raha zake. Lakini magharibi anakaa futarini na sisi, na daku akitaka aamshwe, ataamshwa.

Dada Mkubwa (Muscat): Hapo umesema Mama. Nitatuma tende na mtu anayekuja wiki ijayo. Kilo ngapi?

Mama: Leta tano. Na ukipata kahawa ya huko, nusu kilo ya baba yako.

Kaka (Dar): Mimi natuma hela ya chandarua kipya, kile cha chumba cha juu kimetoboka.

Mama: Tuma leo basi, maduka ya Darajani nitapita kesho nikimsindikiza Vuga.