Tufe ni thabiti kwa maana gani, iwapo f = 1 inatoa jibu hasi?

Swali

Salaam wanahisabati. Ninasoma nyuso zenye mpindo wa wastani usiobadilika (wastani wa mipindo mikuu ni uleule kila nukta), na kila ninapogeuka naambiwa kwamba tufe ni thabiti, yaani kulisogeza kidogo hakupunguzi eneo lake. Hata hivyo, nikichukua tufe lenye nusu kipenyo r katika nafasi ya vipimo vitatu na kulitanua pande zote kwa kiasi kilekile, yaani f = 1 (f ni kiasi ambacho kila nukta inasukumwa wima kutoka kwenye uso), badiliko la pili, −∫ f(Δf + |A|²f), ambalo kwa uso thabiti halipaswi kuwa hasi, linatoka −8π, kwa kuwa |A|², yaani jumla ya miraba ya mipindo mikuu, ni 2/r² na eneo ni 4πr² (Δ ni opereta ya Laplace). Uthabiti huo unatoka wapi?

Jibu la kwanza

Hesabu yako ni sahihi, ila f = 1 hairuhusiwi. Tufe halishindanishwi na nyuso zote, bali na zile tu zinazofumbata ujazo uleule; kwa hiyo kila f lazima itimize ∫ f = 0, na tufe linalotanuka limekwisha kuongeza ujazo. Ukiziweka kando fanksheni zisizobadilika, thamani maalumu (eigenvalue) ya kwanza ya opereta ya Laplace juu ya tufe ni 2/r², sawasawa na |A|², basi jibu haliwezi kushuka chini ya sifuri. Linagusa sifuri f ikiwa ni kiwianishi x, y au z, au mchanganyiko wao tu, ambayo si kingine ila kulihamisha tufe zima bila kuligeuza umbo.

Jibu la pili

Kinyume chake ndicho kitamu zaidi. Mwaka 1984 wanahisabati Barbosa na do Carmo walithibitisha kwamba, katika nafasi ya Euclid ya vipimo n+1, uso uliojifunga usio na kingo, hata kama unajikata wenyewe, ukiwa na mpindo wa wastani H usiobadilika na ukiwa thabiti, hauna budi kuwa tufe. Ujanja wote umo katika kuchagua f = 1 + H⟨x, N⟩, ambapo x ni vekta ya mahali pa nukta na N ni vekta iliyo wima kwa uso: alama ya H ikipangwa ipasavyo, fomula ya Minkowski inahakikisha kwamba ∫ f = 0, na badiliko la pili linabaki −∫(|A|² − nH²). Kwa kuwa |A|² haipungui nH² kamwe, uthabiti unazilazimisha zilingane kila nukta, yaani mipindo mikuu yote iwe sawa.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, torasi ya Wente (uso wenye umbo la pete, unaojikata, wenye mpindo wa wastani usiobadilika) nayo imekwisha kuhukumiwa hapo? Na silinda, ambayo haijifungi?

Jibu la pili

Naam, torasi hiyo imejifunga na si tufe, kwa hiyo si thabiti. Silinda inategemea urefu. Kwa kipande cha urefu L chenye kingo zilizoshikwa, |A|² ni 1/r², na f = sin(2πz/L) inatoa jibu hasi mara tu L inapozidi 2πr; ni kikomo kilekile cha Plateau kinachoeleza kwa nini uzi mwembamba wa maji ya bomba hukatika kuwa matone. Kingo zikiachiwa ziteleze juu ya bamba mbili sambamba, inaingia f = cos(πz/L), na kikomo kinashuka hadi πr.