Dogo kafanyiwa opresheni ya kifua kwa kamera, maumivu hayaishi. Tufanyeje?

Kaka_Mkubwa: Wakuu habari za humu. Dogo pafu lilisinyaa mara ya pili, safari hii wakamfanyia opresheni ya kamera, vitundu vitatu tu ubavuni, mpira wa kutoa hewa kifuani ukatolewa tukaruhusiwa. Sasa wiki ya pili analalamika moto unawaka chini ya chuchu wakati vidonda viko kwapani huko, hata shati likimgusa anaruka. Kapewa paracetamol, diclofenac na tramadol ila tramadol hataki hata kuiona eti atakuwa teja. Kukohoa ndo kabisa anajibana. Bi mkubwa anataka amkande maji ya moto. Ni kawaida kweli?

NesiWaZamu: Pole mkuu. Vitundu ni vidogo ila vifaa na ule mpira vinapita katikati ya mbavu, na chini ya kila ubavu kuna mshipa wa fahamu unaozunguka mpaka mbele, ukiminywa pale kwapani moto anausikia kifuani. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, wengine miezi. Maji ya moto hapana, kama kuna ganzi ataungua bila kujua. Paracetamol anywe kwa saa, asisubiri mpaka alie, mtu mzima gramu 1 kila masaa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na dawa nyingi za mafua zina hiyo hiyo ndani. Diclofenac ameze akishakula, kama ana vidonda vya tumbo au figo amwambie daktari kwanza.

mama wawili: Mie nilipita huko. Akumbatie mto kwa nguvu ndo akohoe, makohozi yakituama ni nimonia hiyo. Alale kainuka na mkono wa upande ule aunyanyue nyanyue, langu bega lilikaza kwa kuogopa.

mgaagaa: Mafuta ya mnyonyo yanamaliza hiyo.

NesiWaZamu: @mgaagaa kwenye kidonda kibichi? Tuache jamani. Tramadol siku chache kwa dozi aliyoandikiwa sio uteja, ila asichanganye na pombe wala asiendeshe boda, na choo kitakuwa kigumu kwa hiyo maji na papai. Huo moto ukizidi daktari anaweza kuongeza dawa ya mishipa ya fahamu kama amitriptyline au gabapentin, msijinunulie. Akihema juu juu ghafla, homa au usaha, hospitali saa hiyo hiyo.

Kaka_Mkubwa: Asante sana. Anauliza sigara moja moja je?

mama wawili: Mwambie pafu litasinyaa mara ya tatu!