Malindi: nimeuziwa sabwufa mbili zisizolingana na amplifaya, na waya nusura uniwashie gari

Jamani, nina hasira na nitaandika kirefu. Shilingi 42,500 zangu zimekwenda, wufa moja (spika ya besi) imeungua, na kilichonitoa usingizini si pesa hata. Nitakifikia.

Mimi ni dereva wa Probox hapa Malindi. Asubuhi nabeba watoto sita wa shule, mchana nazunguka na abiria wa Watamu, wikendi nabeba watu wa arusi. Kwa ajili ya arusi ndipo nikataka mdundo wa maana. Nilidunduliza tangu baada ya Ramadhani, nikaenda kwenye duka moja mjini. Jina silitaji kwa sasa, wenyewe wanajijua.

Sikuulizwa gari gani, wala nataka besi ya namna gani, wala nafasi ya buti ni kiasi gani. Yule bwana alinishika bega akaniambia, "Shekhe, chukua mbili za inchi 12. Ukichukua moja utarudi wiki ijayo." Kila wufa imebandikwa stika ya wati 1,800. Amplifaya, mashine ya kuzipa spika nguvu, boksi lake limeandikwa wati 3,000. Hesabu ilikwenda hivi: wufa mbili 19,000, amplifaya 13,000, boksi la spika 5,000, waya 2,500, ufundi 3,000. Nikalipa taslimu, na risiti ninayo.

Siku ile ile ya kwanza besi ilikuwa hafifu. Wufa mbili za inchi 12 na kioo hakitikisiki! Nikarudi. Fundi wao hakufungua kitu, alichukua bisibisi akazungusha kile kitufe cha geini kwenye amplifaya mpaka mwisho, akasema sasa iko sawa. Baada ya hapo ikawa kila nikiendesha nusu saa amplifaya inawaka taa nyekundu na kuzima, ukiigusa inachoma mkono. Wiki ya tatu, tukirudi na arusi kutoka Mambrui, nikanusa kitu kama plastiki iliyoungua na wufa ya kushoto ikanyamaza. Ukiibonyeza koni kwa vidole inakwaruza. Koili, yaani ule uzi uliozungushwa ndani unaosukuma koni, imekwisha.

Nikampelekea fundi mwingine, mzee anayerekebisha redio nyumbani kwake. Huyu aliniweka chini akanionyesha kitu kimoja baada ya kingine, na kila alichofungua ndivyo damu yangu ilivyozidi kuchemka.

Kwanza, waya. Wufa moja waya mwekundu umefungwa kwenye chanya, ya pili waya mwekundu umefungwa kwenye hasi. Maana yake moja ikisukuma hewa nje, mwenzake inavuta ndani, zinauana zenyewe ndani ya boksi moja. Ndiyo sababu besi haikuwepo siku ya kwanza! Dawa ilikuwa kugeuza nyaya mbili, kazi ya dakika tano. Wao wakapandisha geini. Geini haikuwekwa pale kuongeza sauti, ni ya kulinganisha amplifaya na redio. Ukiipeleka mwisho amplifaya inakata mawimbi, inatoa sauti chafu, na koili inachemka hadi inaungua.

Pili, na hapa ndipo naona nilidanganywa tangu kaunta. Kila wufa ina koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, amplifaya inabanwa zaidi). Wamezifunga zote nne sambamba, kwa hiyo amplifaya inaona omu 1. Na nyuma ya amplifaya yenyewe, kwa maandishi madogo, imeandikwa isishuke chini ya omu 2. Ile taa nyekundu ilikuwa inajikinga, maskini, kila siku. Mzee alinichorea kwenye kipande cha katoni: wufa mbili za aina hii unaweza kuzifunga zikatoa omu 1, omu 4 au omu 16. Omu 2 haipatikani kabisa. Lakini wufa MOJA ya aina hiyo hiyo, koili zake mbili zikifungwa sambamba, inatoa omu 2 kamili, pale pale amplifaya inapotoa nguvu zake zote. Yaani wufa moja ndiyo iliyokuwa sahihi, na kama walitaka kuniuzia mbili, basi wangezifunga kwa omu 4 na kuniambia nguvu itapungua. Niliuziwa ya pili ili ijae risiti.

Hizo wati za kwenye stika nazo msizisome. Kinachohesabika ni RMS, nguvu ambayo kifaa kinahimili mfululizo. Kwenye karatasi ya ndani wufa ni wati 400, amplifaya ni wati 500 kwa omu 2. Tena hata bila karatasi ungejua: amplifaya yangu ina fyuzi mbili za ampea 30, jumla ampea 60. Zidisha kwa volti 14 za gari likiwa linanguruma, unapata wati 840 zinazoingia, na nyingine zinapotea kama joto. Hizo 3,000 zinatoka wapi?

Boksi ni la chipubodi, si MDF, ile mbao ngumu ya nyuzi zilizoshindiliwa, ya milimita 18. Kwa hewa hii yetu ya chumvi na unyevu pembe zimeshaanza kufura, skrubu hazishiki, ukipitisha kiganja kwenye viungo unasikia upepo unatoka. Na halikufungwa popote, limewekwa tu ndani ya buti. Nimepiga breki kwenye tuta pale Gede likaruka likagonga mgongo wa kiti cha nyuma. Boksi lenye sumaku mbili ni zito, si mchezo. Linatakiwa kushikwa na vyuma vya pembe na bolti kwenye sakafu, baada ya kuchungulia chini ya gari usije ukatoboa tangi la mafuta au paipu ya breki. Waya wa bodi, yaani wa hasi unaoshikwa kwenye bati la gari, waliufunga kwa skrubu juu ya rangi bila kukwangua bati, na wiki tatu tu umeshaota kutu.

Sasa lile la kuninyima usingizi. Mzee alifungua boneti, akaufuata waya mwekundu kutoka kwa betri. HAKUNA FYUZI. Waya umetoka moja kwa moja kwenye betri, ukapita kwenye tundu la bati la kuingilia ndani, na tundu halina mpira. Makali ya bati yameshachuna ganda la waya, nimeona nyuzi zake kwa macho yangu. Akakata kipande akakwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani kweupe, aluminiamu. Ule waya ungegusa bati hakuna cha kuuzuia, betri yote inamwagika pale na moto unaanzia miguuni mwa dereva. Fyuzi inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi kama sentimita 45. Ni kitu cha shilingi mia chache. Na mimi nyuma nimepakia watoto sita wa watu kila asubuhi, kwa wiki tatu!

Niliporudi dukani niliambiwa, "Umefungulia sana, umeunguza mwenyewe. Vitu vya umeme havirudishwi." Sikubali. Ninachodai ni hiki: wachukue wufa ya pili warudishe 9,500, wanibadilishie iliyoungua, na warudishe pesa ya boksi, waya na ufundi. Kazi nitampa yule mzee. Nimewapa hadi Ijumaa. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja bila kulazimika kuwa na wakili. Picha za kila kitu ninazo, na kile kipande cha waya nimekifunga kwenye mfuko.

Kama nawe umefungiwa muziki mjini hapa miezi ya karibuni, fungua boneti leo, ufuate waya mwekundu kwa mkono kutoka kwa betri. Usipokuta fyuzi kabla waya haujaingia ndani, uchomoe kwenye betri kwanza, gari ulitie ufunguo baadaye.