PS4 ya mtumba, pesa ya diski moja: dunia gani ina uhai zaidi?

NjiaYaLanet (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Nimepata PS4 ya mtumba, mashine ya gemu, ile nyembamba ya gigabaiti 500, na baada ya kulipa nimebaki na pesa ya diski moja. Labda mbili, nikipata muuzaji mwenye roho safi. Mpira sitaki, huo nimeucheza vibandani tangu shule ya msingi. Nataka dunia. Mahali naweza kuingia Ijumaa jioni nikazurura bila mtu kuniharakisha, na nikirudi kesho nikute kuna kitu kimesonga.

Nimechuja zikabaki nne: GTA V, Red Dead Redemption 2, The Witcher 3 na Skyrim. Kila video ninayotazama inaniambia ramani ina ukubwa gani. Ukubwa haunisaidii. Uwanda mpana upo pale Gilgil na sijaona mtu akikata tiketi kuuangalia. Nauliza nyinyi mlioishi humo ndani: mlipenda nini, na mnatamani kingekuwepo nini?

Mtandao wangu ni wa bando, kwa hivyo mambo ya kucheza na watu wa mbali niondoleeni.

DerevaKondele (Kisumu)

Hilo halihitaji kikao, kaka. GTA.

Sisi tulilelewa na GTA San Andreas ya 2004. Miji mitatu, vijiji katikati, jangwa na mlima. CJ, mhusika wako, akila ovyo ananenepa, akikaa njaa anakonda, akienda jimu anatuna, na watu mtaani wanamsema kulingana na mwili wake. Mpaka leo gemu chache zimethubutu kufanya mhusika wako awe na tumbo. GTA V ya 2013 ilitoa hayo ikaleta wahusika watatu. Utamu wake ni huu: unamwacha Trevor, unacheza na Michael, ukirudi kwa Trevor unamkuta amelewa mahali ambapo hata yeye hajui alifikaje. Maana yake alikuwa na maisha yake ulipokuwa hauko.

OmwamiLurambi (Kakamega)

Dereva, tueleze na milango. Los Santos, mji wa GTA V, ina majumba kila upande lakini jaribu kuingia. Mengi ni ukuta uliochorwa mlango. Mimi baada ya misheni kuisha nilijikuta nagonga magari tu na kukimbia polisi. Mji mzuri kuutazama, lakini huna jirani.

DerevaKondele

Kwani wewe Nairobi ukienda unaingia kila nyumba?

OmwamiLurambi

😂 Hapo umenipata. Lakini bado nasema Witcher 3.

NjiaYaLanet, sikiza. Ile gemu ilitoka 2015, imetengenezwa Poland na CD Projekt Red. Mwanzoni kuna sehemu inaitwa White Orchard, kijiji cha kawaida chenye ng'ombe malishoni. Wachezaji wajanja wakagundua njia ya utajiri: ua ng'ombe, chukua ngozi, kaa utafakari hadi ng'ombe warudi, ua tena, uza. Watengenezaji wangeweza kupunguza bei ya ngozi kimyakimya. Wao wakatuma jitu. Ukichinja ng'ombe kupita kiasi, linatokea dude lenye pembe, tena la kiwango ambacho mtu aliyeanza juzi hakiwezi, linakuja kukushughulikia. Sisi watu wa kufuga tuliielewa sheria hiyo bila kuelezwa. Huku ukigusa ng'ombe wa watu, usisubiri polisi.

Kilichonishika zaidi ni kwamba uamuzi hauji na alama ya jema au baya. Kuna mtu anaitwa Baroni, mlevi, amempiga mkewe, familia imemtoroka. Unaanza kumchukia. Halafu unaendelea kumsikiliza na hujui tena umweke wapi. Jambo dogo unalofanya kwingine kabisa, kwenye kilima fulani, ndilo linaamua mwisho wa familia yake, na jibu linakuja baada ya masaa mengi, wakati huwezi tena kurudi kwa sevu ya nyuma bila kupoteza siku nzima.

Nisichopenda: ramani imejaa alama za maswali. Ukifika visiwa vya Skellige unasafiri kwa mashua kufukua masanduku ya baharini, moja baada ya jingine, hadi uchukie maji. Zima hizo alama kwenye mipangilio. Utanishukuru.

MwalimuWebuye (Bungoma)

Naona Skyrim imekosa wakili.

Ni ya 2011, lakini toleo la PS4 lilikuja 2016 likiwa limepigwa msasa, na diski yake ina nyongeza zote tatu, kwa hivyo bando lako litapumua. Sura za watu ni za zamani, sikatai. Lakini pale Riverwood, kijiji cha kwanza kabisa, jaribu kuua kuku. Kuku mmoja. Kijiji kizima kinakugeukia na visu na shoka. Au ingia dukani mchana, mfunike mwenye duka kichwa kwa ndoo, kisha umsombee bidhaa zote mbele ya macho yake ambayo sasa hayaoni. Hakuna aliyepanga huo ufundi. Watengenezaji waliweka kanuni mbili, kwamba vitu vinabebeka na kwamba macho ya mtu yanazibika, wachezaji wakazikutanisha wenyewe. Duka linafungwa usiku, mwenyewe anapanda kulala, asubuhi anarudi kaunta.

Kasoro yake iko kwenye kumbukumbu. Unaweza kuwa mkuu wa chuo cha uchawi, kiongozi wa wapiganaji na bado uwe mkubwa wa wezi, yote kwa wakati mmoja, halafu askari wa getini anakusemesha kama kijana aliyeshuka matatu leo asubuhi. Ningepewa tamanio moja tu, ningetaka watu wakumbuke.

MkaaziWaGilgil

Gilgil tumekuona, NjiaYaLanet.

NyarDunga (Kisumu)

Mmeiruka Red Dead 2 kama vile haiko kwenye orodha ya mwenzenu. Nimekaa humo muda mrefu, ngoja niseme.

Mwaka ni 1899, wewe ni Arthur Morgan, mhalifu kwenye genge linalokimbia serikali. Kwanza onyo: sura ya kwanza ni theluji na mwendo wa pole. Wengi huachia hapo. Vumilia hadi mshuke mlimani.

Sasa mambo madogo. Ukimlenga mtu bila bunduki unapata kumsalimia au kumchokoza. Msalimie tu. Kila mtu njiani, "habari", "habari yako". Wengine wanaitikia, wengine wananuna, na ukiwa umetapakaa matope na damu wanakushangaa. Farasi lazima umlishe, umpige brashi, umtulize akimwona mamba. Akifa amekufa, hakuna kumwita tena kwa mluzi, isipokuwa kama ulikuwa na dawa ya kumwamsha palepale. Wangu alipigwa na treni karibu na Saint Denis, na nilizima mashine nikaenda kupika. Mnyama uliyemuua na kumwacha anaoza, tai wanamshukia. Ndevu zinaota. Bunduki usipoisafisha inapoteza nguvu.

Lawama yangu ni misheni. Nje uko huru kabisa, lakini misheni ikianza unaambiwa pita hapa, simama hapa, piga huyu. Ukijaribu njia yako mwenyewe, hata kama ni ya akili zaidi, gemu inasema umeshindwa. Ni kama mwenye nyumba anayekukaribisha ujisikie nyumbani halafu anakuonyesha kiti cha kukalia.

FundiWaPadi (Nakuru)

La kiufundi kabla pesa haijatoka. Red Dead 2 ya PS4 ni diski MBILI, moja ya kusakinisha data na nyingine ya kuchezea. Madukani ya mtumba nimeona kava likiuzwa na moja tu. Fungua kava uhakikishe. Na gemu hiyo inakula zaidi ya gigabaiti 90. Kwenye 500 yako itachukua sehemu nono. Witcher 3 tafuta lile toleo lililoandikwa Game of the Year, lina hadithi mbili za nyongeza, na ile ya pili, Blood and Wine, ni ramani nzima mpya.

Padi, ile ya kushika mkononi, ikianza kujisogeza yenyewe usiitupe, wakati mwingine ni vumbi tu kwenye kijiti. Nipo mjini.

NjiaYaLanet

Asanteni, hii imekuwa bora kuliko video zote. Sasa niwaeleze tamanio langu labda litaamua.

Hapa kwetu Ziwa Nakuru lilipanda miaka ya 2010 hivi hadi likameza lango kuu la mbuga na ofisi zake, na flamingo wengi wakahama maana maji yakiongezeka chumvi inapungua na chakula chao pia. Hakuna shujaa aliyefanya hivyo. Hakukuwa na misheni. Ramani ilibadilika tu, na watu wakatafuta barabara nyingine. Nataka gemu ya aina hiyo. Dunia ambayo mimi nikilala, yenyewe inaendelea.

NyarDunga

Hiyo unayotaka nzima haipo kwenye orodha yako, lakini Red Dead inaigusa. Kuna nyumba inajengwa: ukipita mara ya kwanza ni mbao chini, ukipita baadaye kuna kuta, baadaye paa. Kuna reli inatandikwa, na kuna msitu unakatwa. Hakuna mshale unaokuonyesha. Unaona mwenyewe au unapitwa.

Na mimi nikitamani, natamani ziwa langu, Victoria. Gugumaji linasukumwa na upepo: leo ghuba ni wazi, kesho wavuvi wa Dunga hawatoki, bei ya samaki inapanda, na mwenye mtumbwi anakuwa mwendesha boda kwa wiki moja. Hiyo ni gemu nzima, na hakuna mtu amepigwa risasi. Maana Afrika yetu kwenye gemu kubwa mara nyingi ni vita. Far Cry 2 ya 2008 ilituweka kwenye nchi isiyo na jina, mamluki, almasi, bunduki zinazokwama na malaria. Moto wake unaokimbia na upepo ulikuwa wa ajabu, naupenda hadi leo. Lakini raia wa kawaida hawaonekani. Nchi nzima ya watu wenye bunduki.

MwalimuWebuye

Kuna Assassin's Creed Origins ya 2017, Misri ya Cleopatra, ipo PS4. Baadaye wakaongeza hali ya kutembea bila kupigana, unazunguka kama mtalii ukielezwa jinsi mkate ulivyookwa na maiti zilivyohifadhiwa. Nimeionyesha darasani. Shujaa wake Bayek ameigizwa sauti na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuja kutengeneza Tales of Kenzera: Zau ya 2024. Hiyo ina chaguo la sauti za Kiswahili, na hadithi ni ya kijana mganga anayemwendea mungu wa mauti, Kalunga, amrudishie baba yake. Salim aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Bahati mbaya kwa NjiaYaLanet, haikutolewa kwa PS4.

DerevaKondele

Nyinyi mnatafuta mbali. Mimi dunia yangu iko kwenye simu: Bus Simulator Indonesia. Vijana wa Kenya wameijaza matatu zetu, rangi, michoro, honi, hadi muziki. Indonesia wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hivyo mkono haushangai. Shida ni abiria. Wanapanda kimya na kushuka kimya. Nani amewahi kubeba abiria wa hivyo kati ya Kisumu na Busia? Nipeni makanga anayebishana juu ya chenji, mama mwenye gunia la viazi asiyetaka kulilipia, na askari wa barabarani anayetokeza nisipomtarajia. Watu wakinisumbua vizuri nitacheza maisha yangu yote.

OmwamiLurambi

Abiria wakumbuke kama uliwahi kuwadhulumu nauli. Wakuone stejini wakatae kupanda.

DerevaKondele

Hiyo usiiweke, nitafilisika.

NjiaYaLanet

Nimeamua: Red Dead 2, kwa sababu ya ile nyumba inayojengwa. Witcher itafuata mwisho wa mwezi, na nitazima alama kama ulivyosema, Omwami. Skyrim nitaazima kwa binamu. GTA naweza kuichezea kibanda cha hapa chini nikitaka, Dereva usinichukie.

FundiWaPadi, stima ikikatika katikati ya mchezo napoteza nini?

FundiWaPadi

Gemu inajisevu yenyewe mara kwa mara, kwa hivyo utapoteza dakika chache tu. Hatari ni hifadhi ya mashine, ikikatwa wakati inaandika inaweza kuharibu faili. Ukiona taa zinacheza, zima mapema. Ukipata UPS ndogo ya kompyuta, ile ya kushikilia umeme kwa betri, hata ya mtumba yenye betri nzima, itakupa muda wa kuzima vizuri.

DerevaKondele

Ukimaliza diski hizo mbili usiuze Nakuru. Zitume na gari la asubuhi, nitazipokea stendi Kisumu, nikuletee samaki wa kukaanga siku nikishuka huko.

NyarDunga

Sura ya kwanza atamaliza lini ndio aanze kuuza? Mpe mwaka.