Nimuulize nini malenga ili anieleze namna anavyotunga?

Mwalimu wa Pwani

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na tangu mwanzoni mwa mwaka huu nimepewa nusu saa kila wiki katika redio ya jamii ya hapa kwetu ili nizungumze na waandishi na washairi kuhusu namna tungo zao zinavyozaliwa. Niliipokea kazi hii kwa furaha, kwa sababu mkoa huu ndio alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na hadi leo hukosi kumkuta mzee barazani anayeweza kukughania beti thelathini bila kutazama karatasi.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mmoja wa wazee hao. Nilimwamkia, nikamkaribisha chai, nikafungua kinasa sauti, kisha nikamwuliza atueleze mchakato wake wa ubunifu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, kipaji hutoka kwa Mwenyezi Mungu." Nikamwuliza mawazo yake huyapata wapi, akajibu kwamba huyapata kwa Mwenyezi Mungu. Nikamwuliza hupenda kuandika saa ngapi, akasema kwamba huandika wakati wowote Mungu akijaalia. Mazungumzo yalikwenda hivyo kwa dakika arobaini, na mwisho nilibaki na mashairi mawili aliyoyaghani vizuri mno, pamoja na majibu ambayo hayamfundishi msikilizaji kitu.

Ninaamini kwamba mzee hakuwa ananificha jambo, na ninashuku kwamba kasoro imo katika maswali yangu. Waliowahi kukaa na washairi wakawahoji, je, mliuliza nini?

Mkaazi wa Mvita

Mwalimu, umekwisha kuligusa jibu bila kujua, pale ulipomwuliza mzee huyo hupenda *kuandika* saa ngapi. Kwa watu wa mapokeo yetu, shairi hutungwa, na kuandikwa ni jambo linalofuata baadaye au lisilofuata kabisa. Neno lenyewe ni lile tunalolitumia kwa shanga na kwa maua ya asumini, kwamba unapitisha uzi na kuchagua kipi kikae baada ya kipi, na kazi hiyo mzee anaweza kuifanya akiwa anatembea kutoka msikitini au amelala chali gizani. Ukimwuliza kuhusu kuandika, unamwuliza kuhusu ukarani.

Mtazame Mwana Kupona katika utenzi wake maarufu wa mwaka 1858. Ni mgonjwa wa mwaka mzima, anamwita binti yake, anamwambia asogee akae na wino na karatasi, kwa maana moyoni ana hadithi anayotaka kumwambia. Angalia mpangilio wake: hadithi imo moyoni kwanza, wino unaitwa baadaye, na anayeambiwa aje nao ni binti. Muyaka bin Haji wa hapa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, tungo zake zilidumu vinywani mwa watu miaka mingi kabla ya Mwalimu Sikujua kumsaidia mmisionari Mwingereza William Taylor kuzikusanya, na diwani yake haikuchapishwa hadi mwaka 1940. Ukitafuta rasimu za Muyaka, hutazipata. Kitu utakachokipata ni visa, kwamba ubeti huu alimjibu fulani, na ule aliutunga siku fulani mjini palipotokea jambo fulani.

Hata katika zama zetu, Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake kilichouliza Kenya twendapi, akawekwa peke yake, na mashairi yaliyokuja kuwa *Sauti ya Dhiki* akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mtu aliye katika hali hiyo hana nafasi ya kuandika na kufuta ovyo. Ubeti sharti uive kichwani kabla haujaigusa karatasi, na vina na mizani, ambavyo vijana wengi huviona kuwa ni pingu, ndivyo vinavyousaidia usipotee.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Acha kumwuliza kuhusu ubunifu, neno ambalo, uniwie radhi, linanuka semina. Chukua ubeti wake mmoja, umsomee wewe, na usiogope kukosea. Malenga hawezi kustahimili kusikia ubeti wake umevunjwa. Atakusimamisha, na hapo atakapoanza kukusahihisha ndipo mazungumzo yatakapoanza. Jambo la pili, muulize ubeti huo alimwambia nani, kwa maana ushairi wetu mwingi ni majibizano, na aliyejibiwa ni nusu ya shairi.

Karatasi Tupu

Ninakubaliana na Mkaazi wa Mvita katika mengi, ila ninaomba asitufanye sisi tunaoandika mashairi huru tuonekane kama watu wasiotunga. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, ugomvi uliozuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulihusu zaidi kama tungo zile ni mashairi au si mashairi, na swali la namna anavyofanya kazi mtu asiye na mizani ya kumwongoza likabaki nyuma. Mimi ninaandika kwa kalamu, ninafuta, ninaandika tena, na ukitaka nizungumze usiniulize vina. Niulize kwa nini mstari umekatika hapa na haukukatika pale, kwa sababu mahali hapo ndipo nilipokaa wiki mbili.

Jambo jingine ni la adabu. Kumwuliza mtu mzima atoboe namna anavyotunga, tena mbele ya kinasa sauti, ni kama kumwuliza mpishi wa harusi vipimo vya viungo vyake mbele ya wapishi wenzake. Jibu la "ni Mungu tu" ni imani ya kweli, na vilevile ni pazia la heshima. Usilivute. Keti karibu nalo hadi mwenyewe alifungue.

Fundi wa Sauti

Mimi situngi, ila nimehariri mazungumzo ya aina hii kwa miaka kadhaa. Mgeni akinyamaza, usimwokoe. Watangazaji wengi huogopa sekunde tano za kimya wakatupa swali jingine, na kumbe mgeni alikuwa ndiyo kwanza analitafuta jibu. Kimya cha ziada nitakikata mimi mezani, lakini jibu lililozimwa siwezi kulirudisha. Na ukishaaga, mwombe ruhusa uache kinasa sauti kikiendelea, kwa sababu watu husema ya maana wakiwa wanatafuta viatu.

Mwalimu wa Pwani

Ninawashukuru nyote. Jana nilirudi kwa mzee, safari hii nyumbani kwake, nikafanya kama alivyoelekeza Mkaazi wa Mvita. Nilichukua shairi alilolitunga baada ya kuachishwa kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni tarbia ya kawaida, yaani mishororo minne katika kila ubeti, na mizani (silabi) nane katika kila kipande, na ubeti wake wa kwanza unaanza hivi:

*Bahari imechafuka, mawimbi yanaghadhibi,*
*Nanga yangu imeng'oka, bandari haikaribi*

Nilipoufikia mshororo wa pili nikasoma kwa makusudi, "Nanga yangu imekatika." Hakuningoja nimalize. Alinyanyua mkono kama askari wa barabarani, akasema, "Umevunja! Hesabu!" Tukahesabu pamoja kwa vidole, ikawa mizani tisa. Akacheka, akasema kwamba hata yeye neno lililomjia kwanza lilikuwa hilo la kukatika, lakini halikuingia, ndipo akatafuta jingine akapata *imeng'oka*, na alipolipata akaona kwamba lilikuwa bora kuliko lile alilolikosa.

Nikanyamaza, kama alivyoagiza Fundi wa Sauti. Baada ya muda akaendelea mwenyewe. Alisema kwamba nanga haikatiki, kinachokatika ni kamba, na kamba ni ya mwenye chombo. Ikikatika, watu watamwuliza kwa nini hakununua mpya. Lakini nanga iking'oka, maana yake ni kwamba chini palikataa kuishika, na pale chini si pake. Kisha akaongeza kwamba mtu aking'oa nanga kwa mkono wake anaanza safari, nayo ni heri, ila nanga iking'oka yenyewe usiku ni balaa, na msikilizaji wa pwani atayasikia yote mawili katika neno moja.

Nilitoka pale nikiwa na dakika kumi na mbili ambazo sitaki kukata hata moja. Nimejifunza kwamba mizani ilimnyima neno, na kwa kumnyima ikampa shairi.

Karatasi Tupu

Mwalimu, simulizi yako ni tamu, lakini hitimisho lako nina shaka nalo. Unasema kwamba mizani ilimnyima neno la kukatika. Mimi nimehesabu hapa kwenye daftari: *Nanga imenikatika*. Na-nga i-me-ni-ka-ti-ka. Ni mizani nane kamili, na kina cha *ka* kipo mahali pake. Malenga mwenye uzoefu kama wake hawezi kuwa hakuliona, kwa sababu hata mimi nisiyetumia mizani nimeliona kabla chai yangu haijapoa. Mlango ulikuwa wazi naye hakupita. Kwa hiyo mizani haikumlazimisha, alichagua, na sababu ya kuchagua bado hujaipata. Washairi wa mapokeo hupenda kuzisingizia sheria, kama sisi wa mashairi huru tunavyopenda kuusingizia uhuru.

Mkaazi wa Mvita

Amenishika pabaya, maana niliposoma taarifa ya Mwalimu na mimi nilishangilia mizani. Hesabu yake ni sahihi. Ningeweza kujitetea kwamba *yangu* kwa ulimi ni nzito kuliko *-ni-*, na kwamba ukighani sauti hupata mahali pa kutua, ila huo ni utetezi wangu mimi, si wa mzee. Mwalimu, itabidi urudi. Na kama mzee ana mtu anayemwandikia, usimwache nje ya mazungumzo, kwa maana huyo ndiye aliyeyasikia maneno yaliyoachwa.

Mwalimu wa Pwani

Nimerudi kwake leo alasiri. Nilimpa salamu zenu, kisha nikamsomea mshororo kama alivyoupendekeza Karatasi Tupu, *Nanga imenikatika*, na safari hii hakunyanyua mkono. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikamsikia muuza kahawa akipita nje na kugonga vikombe vyake. Halafu akamwita mjukuu wake, binti wa kidato cha pili ambaye ndiye humwandikia tangu macho yake yaanze kufifia, akamwambia alete lile daftari la mistari.

Mshororo ulikuwamo. *Nanga imenikatika*, kwa mwandiko mzuri wa shule, umepigwa mstari mmoja, na juu yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, yameandikwa maneno tunayoyajua. Binti alisema kwamba babu yake alimwamsha kabla ya adhana ya alfajiri ili abadilishe, naye alinuna kwa sababu siku hiyo alikuwa na mtihani.

Nikamwuliza mzee kwa nini. Akasema kwamba usiku ule aliposema *imenikatika* alijisikia vizuri, akalala. Alipoamka akayasema tena maneno yale kwa sauti, akaisikia ile *-ni-* katikati ya neno ikilia. "Kila mtu angejua kwamba ninajililia," alisema. "Imenikatika, imenifia, imenipotea, hiyo ni sauti ya matanga. Nilitaka watu waiangalie nanga, wasiniangalie mimi." Nikamkumbusha kwamba bado amesema nanga *yangu*. Akajibu kwamba *yangu* ni kumiliki na mtu aliyepoteza kazi naye ana haki ya kumiliki kitu, lakini *-ni-* ni kuonewa, na kuonewa alitaka msikilizaji akuone mwenyewe bila kutajiwa. Kuhusu mizani, alikiri kwamba juzi alinipa jibu jepesi kwa kuwa ndilo jibu ambalo walimu hulipenda.

Kipindi kitarushwa wiki ijayo, na binti atasikika ndani yake kwa idhini ya babu yake. Kabla sijaondoka mzee aliuliza ni nani aliyeuona ule mshororo. Nikamweleza kwamba ni mshairi asiyetumia vina wala mizani. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaanza kutafuta bakora yake, kisha akanigeukia mlangoni: "Mwambie aniletee moja la kwake nisomewe. Na aseme mapema lile alilolifuta lilikuwa nini."